Kutoka Kifundo cha Mkono Hadi Sakafuni

Portlennan, 4 Februari 1986

Kwa Fundi Lorimer,

Hunijui. Niliisoma barua yako gazetini wiki iliyopita, ile uliyoandika kwamba kumuuzia mwanagenzi fimbo kumi na nne za gofu ni sawa na kumuuzia mtoto mchanga viatu kumi na vinne. Ndiyo maana nakuandikia.

Nina miaka arobaini na tisa. Ni mpishi wa shule. Sijawahi kucheza gofu. Daktari amesema nitoke nje. Mwenzangu wa jikoni, Jess Innes, hucheza na wanawake wenzake kila Jumanne, mashimo tisa tu, na kila siku ananiambia, "Ishbel, njoo bwana, ukikaa hivyo utaota ukungu kama mkate." Sina hamu ya kwenda. Hata hamu ya kubaki sina.

Jumamosi nilikwenda dukani. Muuzaji akaniuliza, "Mama, kiwango chako kikoje?" Nikamwambia sina kiwango. Akanitolea fimbo kumi na nne ndani ya begi la rangi ya waridi. "Hizi za akina mama," akasema. "Nyepesi mno, hutasikia hata kama umeshika kitu." Nikamwambia vitu nisivyovisikia ninavyo vya kutosha. Akacheka. Sikuwa natania.

Niambie, mtu kama mimi anahitaji fimbo ngapi, na zipi.

Ukinijibu, tafadhali usitumie bahasha yenye jina la duka lako. Mume wangu ndiye mgawa barua wa posta hapa mtaani, na zote hupita mikononi mwake. Sitaki ajue habari za gofu.

Ishbel Geddes


Inverkeld, 7 Februari 1986

Bi. Geddes,

Tano! Akija mtu akakwambia sita, mwulize analipwa na nani.

Gongo moja la kichwa cha mbao, namba tatu, la kupigia mbali. Namba moja achana nayo. Hata wanaume wanaoringa nayo hawaiwezi, wanaitembeza tu kama mbwa wa maonyesho. Fimbo tatu za kichwa cha chuma: chuma cha tano, cha saba na cha tisa. Na fimbo ya kusukumia mpira shimoni. Namba ikiwa kubwa, mpira unapanda juu zaidi na kuanguka karibu; ikiwa ndogo, unakwenda chini na mbali. Hiyo ndiyo elimu yote. Kuna watu wanatoza ada kuifundisha.

Na hizo za "akina mama" ni utapeli uliopakwa rangi. Mwanamke hahitaji fimbo ya waridi. Anahitaji fimbo ya urefu wake. Mchezo huu ulikuwa wa washona viatu na wasuka nyavu, waliucheza kwenye nyasi ambazo kondoo walizikata bure. Wakaja mameneja wa benki, wakajenga ukumbi, wakaweka kibao cha kuwazuia wanawake wasipite mbele ya dirisha la baa. Klabu moja, sitaitaja, niliwarudishia kadi yao ya uanachama ikiwa vipande vinne, kwa posta, bila stempu, ili walipe wao.

Kwa hiyo karibu. Nchi hii ni yako, na nyasi zile ni zako.

Kabla hujanunua chochote, tazama kabati la chini ya ngazi. Katika pwani hii halipo kabati la chini ya ngazi lisilo na fimbo kuukuu. Zilete, nitazikata zikutoshe. Na unitumie kipimo hiki: vaa viatu visivyo na kisigino, simama wima, mikono ining'inie. Upimwe kutoka kifundo cha mkono hadi sakafuni.

W. Lorimer, fundi fimbo

Bahasha haina jina, kama ulivyotaka. Ila sikupenda. Sijawahi kuficha jina langu kwa mtu.


Portlennan, 12 Februari 1986

Fundi Lorimer,

Asante kwa jibu. Kipimo ni inchi ishirini na nane na nusu.

Fimbo zipo chini ya ngazi, ulivyosema. Ila hizo ni za Ruaridh. Hazikatwi. Nitafutie nyingine kuukuu, tano, za bei nafuu.

Theluji imeanguka tangu Jumapili, kwa hiyo hakuna haraka.

Ishbel Geddes


Inverkeld, 15 Februari 1986

Bi. Geddes,

Inchi ishirini na nane na nusu ni kipimo cha mtoto wa miaka minane. Mtoto wa miaka minane hapiki chakula cha shule nzima.

Ulijipima mwenyewe. Usibishe, nimeifanya kazi hii miaka thelathini na moja. Mtu akijipima huinama asome namba. Akiinama, bega linashuka, na mkono unashuka nalo. Inchi mbili, tatu, zinayeyuka. Halafu fimbo inakuja fupi, mgongo unauma, mtu anasema gofu si mchezo wake. Kosa si la mchezo.

Kipimo hiki mtu hawezi kujipima. Lazima mwingine apige goti mbele yako na tepu, na wewe utazame mbele kana kwamba hayupo. Humo nyumbani hamna mtu? Huyo mgawa barua hana mikono?

Na hizo fimbo za Ruaridh zina nini hata zisikatwe? Ni za dhahabu? Anazicheza? Kama anazicheza, sawa. Kama zimelala tu chini ya ngazi, basi huyo ni mchoyo, na mimi wachoyo nawajua. Kwetu hapa yupo mmoja ana seti tatu darini na mkewe anaazima.

Nisubiri kipimo cha kweli.

W. Lorimer


Portlennan, 3 Machi 1986

Fundi Lorimer,

Nimechelewa kujibu. Barua yako niliiweka kwenye droo ya vijiko, nikawa naiona kila nikitoa kijiko.

Ni kweli nilijipima mwenyewe. Niliiegesha tepu kwenye mlango wa jikoni.

Siwezi kumwomba mume wangu anipime. Usimfikirie vibaya. Hajawahi kunitukana wala kuninyanyulia mkono. Hatuna ugomvi. Hatuna kitu chochote. Asubuhi anasema, "Chai ipo?" Nasema, "Ipo." Jioni nasema, "Mvua?" Anasema, "Kidogo." Tangu Oktoba analala chumba kingine na hajanigusa hata kwa bahati mbaya, na nyumba yetu ni ndogo, ngazi ni ya mtu mmoja. Tumekuwa mafundi wa kupishana.

Ili anipime itabidi apige goti miguuni pangu na ashike mkono wangu. Siwezi kumwomba hilo. Sijui nitafanya nini akikataa, na sijui nitafanya nini akikubali.

Jess aliniazima fimbo yake moja Jumanne. Nilipiga mpira mara nne, mara tatu haukuwapo pale nilipopiga. Akasema, "Umeisikia ile ya mwisho, Ishbel? Umeisikia mikononi?" Nikasema ndiyo. Sikusikia kitu. Mikono yangu kama imevaa glavu mbili.

Nikadirie tu. Mimi ni mfupi.

Ishbel Geddes


Inverkeld, 6 Machi 1986

Kwa Bwana Ruaridh Geddes, Portlennan.

Bwana,

Mkeo hajanituma. Akijua nimekuandikia atakasirika, na atakuwa na haki.

Mimi ni fundi fimbo. Mke wako anataka kucheza gofu, mashimo tisa, Jumanne, na wapishi wenzake. Hataki gari, hataki safari ya Uhispania. Amekuja kwangu kwa siri, kwa bahasha zisizo na jina, kama mwizi, kwa sababu anakuogopa wewe. Na wewe, kwa maelezo yake mwenyewe, humpigi wala humtukani. Kumbe umegundua njia safi zaidi! Kukaa kimya. Hakuachi alama, na majirani hawasikii.

Una fimbo chini ya ngazi. Huzichezi. Huruhusu zikatwe. Zinangoja nini, bwana? Ufufuo?

Nakuomba jambo moja ambalo mtu yeyote mzima analiweza. Toka hapo ulipojizika. Chukua tepu, piga goti, mpime mkeo kutoka kifundo cha mkono hadi sakafuni. Kama magoti yameota kutu, yapake mafuta. Kisha niletee hizo fimbo, nizikate bure, na duka zima nitaliambia kwamba yupo mwanamume mmoja kaskazini mwenye akili.

Ukikasirika, vizuri. Njoo Inverkeld, duka liko nyuma ya kanisa, uniambie usoni.

Walter Lorimer


Portlennan, 19 Machi 1986

Bwana Lorimer,

Mimi si Ruaridh. Jina langu ni Alec Geddes. Ruaridh alikuwa mtoto wetu. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Alianguka na pikipiki barabara ya kwenda mji wa Elgin tarehe 19 Oktoba. Leo ni miezi mitano. Fimbo ni zake.

Barua yako ilifika Jumatatu ya tarehe kumi. Sisi huanza kuchambua barua alfajiri. Mwenzangu Sandy Mair aliiona kwanza. Akaifunika kwa rundo la katalogi, akasema, "Alec, mtaa wako leo naupeleka mimi." Nikamwambia, "Wewe hata milango ya kule huijui. Lete." Akasema, "Usiitake hii, kaka." Nikasema, "Lete, Sandy." Akaileta.

Kwetu barua ya marehemu haipelekwi. Unaandika "amefariki" juu ya bahasha, inarudi ilikotoka. Nimewaandikia hivyo watu wengi, baadhi yao niliwajua. Nilitoa kalamu. Sikuandika. Niliitia mkobani, nikagawa mtaa mzima, na nyumba yangu nikaifanya ya mwisho.

Mwandiko niliutambua. Tangu Februari nilikuwa nimetumbukiza barua zako mbili kwenye mlango wangu mwenyewe. Bahasha isiyo na jina la mtumaji, mwandiko wa mwanamume, muhuri wa posta wa Fife, huko kwenu kusini. Nilijua tu kwamba Ishbel ana mtu, na siku moja ataondoka. Nilingoja nione nitasikia nini. Sikusikia kitu. Nikawa najisemea, atachukua lile sanduku la bluu, maana la kahawia kishikio kimekatika. Hayo ndiyo niliyoyawaza.

Kwa hiyo uliposema nimejizika, hukukosea sana.

Barua niliiweka mezani siku sita bila kuifungua. Yeye aliiona, aliona jina, naye hakuifungua. Tulikula pembeni yake. Jumapili nikaifungua nikaisoma, nikamsukumia. Alipomaliza akasema, "Huyu mzee mjinga." Nikasema, "Kidogo." Akasema, "Si kidogo, Alec." Halafu akaenda kuvaa viatu visivyo na kisigino.

Kipimo ni inchi thelathini na moja na robo. Nilipima mara tatu kwa sababu kila nikisimama namba ilikuwa imenitoka kichwani. Alitazama mbele, akasema ndivyo ulivyomwagiza. Mkono wake ulikuwa wa baridi. Alisema na wangu pia.

Nimezifunga fimbo zote kwenye gunia na nimezituma leo. Zikate. Napita hapo chini ya ngazi kila siku nikienda kuchukua koti, nimechoka kupita hapo. Zikate zote, zimfae mtu.

A. Geddes


Portlennan, 19 Machi 1986

Fundi Lorimer,

Hii naipeleka mwenyewe kwenye sanduku la posta la kijiji cha pili, ili Alec asiione.

Amekutumia fimbo. Tafadhali usikate hata moja. Nilikubali kwa sababu ndilo jambo la kwanza aliloniomba tangu Oktoba, nikaogopa nikikataa hatasema jingine. Lakini alipokuwa akizifunga niliushika mshiko wa chuma cha saba. Mpira uliofunika mshiko umelika mahali Ruaridh alipokuwa akibana dole gumba. Limechimba kishimo. Dole langu linaingia humo lote na nafasi inabaki.

Mwambie mashine yako imeharibika. Mwambie chuma chake hakifai kukatwa. Wewe ni fundi, utajua la kusema.

Ile barua yako sijaisamehe. Lakini hiyo ni habari nyingine.

Ishbel


Inverkeld, 25 Machi 1986

Kwa Bwana Alec na Bi. Ishbel Geddes, wote wawili. Isomwe mezani.

Nimeanza barua hii mara saba. Nilitaka kueleza nilivyokosea jina, nikaona maelezo ni marefu na yote yananitetea mimi. Nimeyachana. Nilimwandikia mtoto wenu yale niliyomwandikia. Hayarudi. Nimekuwa nikiandika barua za hasira kwa magazeti, kwa halmashauri, kwa maaskofu, tangu nikiwa na miaka ishirini, na nilikuwa najivunia kwamba sijawahi kujuta hata moja. Sasa ninayo.

Fimbo zimefika salama. Ziko juu ya meza yangu ya kazi. Na barua zenu pia zimefika, asubuhi moja, kwenye kifungu kimoja, zote mbili za tarehe kumi na tisa, kutoka nyumba moja. Ya Alec inasema nikate zote. Ya Ishbel inasema nisikate hata moja, na nidanganye kwamba mashine imeharibika.

Ishbel, nisamehe, hilo nimelitoboa. Mashine yangu haijaharibika, na kudanganya sijui. Naweza kukosea tu, kama mlivyoona. Ningeweza kukaa kimya, fimbo zikalala hapa hadi kiangazi, kila mmoja wenu akidhani mwenzake ndiye asiyeuliza. Sitaki kuwa chumba cha tatu cha nyumba yenu.

Nawapeni ya kiufundi, ndiyo pekee ninayoyajua. Fimbo hukatwa juu, upande wa mikono, si upande wa kichwa. Kwa Ishbel ni inchi moja na nusu kila moja. Kabla ya kukata lazima mshiko wa mpira uvuliwe. Wa zamani namna hii hautoki mzima. Unapasuliwa kwa wembe kutoka juu hadi chini, kama kuchuna. Kile kishimo cha dole kitapasuliwa pamoja nao. Naweza kujaribu kukikwepa. Siahidi.

Ipo njia nyingine, zisikatwe, Ishbel azishike chini kidogo. Mwanagenzi anaweza kucheza hivyo maisha yake yote, akacheza vibaya, akafurahi.

Mtu mwingine yeyote ningemwambia lipi ni sahihi, tena kwa sauti. Hapa sisemi. Sikati na siachi. Zungumzeni, mniandikie barua moja, yenye majina mawili.

Wattie Lorimer


Portlennan, 8 Aprili 1986

Fundi Lorimer,

Naandika mimi, Alec. Yeye amekaa hapa anasoma kila mstari na ananisahihisha.

Tumezungumza. Imechukua siku kumi na moja, na nyingi kati ya hizo tulizungumza dakika mbili tu. Siku ya kwanza tuligombana kuhusu ile mashine iliyoharibika. Jess Innes alipita mlangoni akasikia, akarudi zake, akamwambia Sandy, "Afadhali! Wanagombana." Mji huu hauna siri.

Nilimuuliza kama kweli anataka kucheza. Akasema, "Sijui. Wewe hutaki tena nicheze?" Nikasema mimi pia sijui. Akasema, "Basi tutakuwa wawili tusiojua, Jess atapata kazi ya kutuamulia."

Tulivyokubaliana ni hivi. Kata zile tano ulizozitaja siku ya kwanza: gongo la mbao namba tatu, chuma cha tano, cha saba, cha tisa, na ile ya kusukumia. Ishbel anasema kama ni kucheza basi acheze na fimbo iliyo ya urefu wake, si kushika chini ya pale mikono ya mtoto ilipokuwa. Nilidhani yeye ndiye angekataa. Mimi ndiye niliyekataa mwishoni, kwenye kile cha saba. Alingoja siku tatu. Zilizobaki zirudishe kama zilivyo, na udongo wake.

Vile vipande vya chuma vitupe, hakuna anayevitaka.

Mishiko utakayoivua, hata ikipasuka, Ishbel anaitaka irudi. Mimi sitaki kuiona humu ndani. Hapo hatukukubaliana, na usiku wa jana tumelala bila kukubaliana, chumba kimoja.

Irudishe.

Alec Geddes
Ishbel Geddes